Majani ya Thomu Dirishani

Waliojaaliwa nyumba zenye ua, ambamo mrehani na mchaichai na mpilipili huota kando ya mlango wa jiko pasipo kubembelezwa na mtu, wana ruhusa yangu ya kwenda zao jioni hii, kwa kuwa maneno niliyoyaandaa ni ya wapangaji wa vyumba vya juu: watu wa Kariakoo na Upanga, wa Michenzani na Mji Mkongwe, wa Kizingo na Eastleigh, ambao milki yao yote ya ardhi hapa duniani ni ukingo wa dirisha wenye upana wa shubiri moja, nondo upande mmoja na pazia upande wa pili. Swali lao, ambalo nimelisikia katika ngazi za majumba mengi, ni hili: mtu asiye na udongo apande nini kipate kuliwa? Jawabu langu ni fupi, na dakika zilizobaki nitazitumia kulitetea. Na apande kitunguu thomu. Walakini akipande kwa tamaa ya majani, na kichwa asikitamani.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Aghlabu mtu anayefukia punje ya thomu katika kopo huwa amekwisha kuona kwa macho ya moyo kichwa kizima, cheupe, kilichojaa punje kumi, nacho hukingoja mwezi baada ya mwezi, akakitilia maji, akakisogeza juani na kukiondoa juani. Na siku anapoingiza vidole udongoni hukuta ama punje aliyoipanda imesinyaa na kubaki ganda, ama kidonge kimoja cha mviringo kisichogawanyika, ambacho hakitoshi hata mchuzi wa mtu mmoja. Hapo hulaumu udongo, au maji ya bomba, au mkono wake mwenyewe kuwa hauna baraka. Lawama zote hizo ni za bure. Thomu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, pande za Tien Shan na nchi zinazoizunguka, ambako majira ya baridi hushuka kwa theluji na majira ya joto huleta mchana mrefu usiojulikana kwetu. Na kwa muda usio na hesabu mmea huo umezoea kungoja amri mbili kabla ya kujenga kichwa, kwanza baridi ya wiki nyingi, kisha kurefuka kwa mchana. Amri zisipofika, hutoa majani, na baada ya majani hutoa majani mengine, mpaka nguvu zake ziishe.

Sasa sisi wa pwani tuna nini katika hayo mawili? Baridi yetu ya Julai humfanya mzee aombe shuka alfajiri, lakini thomu haitambui kuwa ni baridi. Mchana wetu nao, kwa kuwa tu karibu na mstari wa istiwai, haubadiliki kwa kadiri ya kuuonya mmea: Dar es Salaam tofauti baina ya mchana mrefu wa Desemba na ule mfupi wa Juni haitimii saa moja, na Mombasa ni nusu saa hivi. Hakuna mbolea itakayoziba upungufu huo, wala dua ya jirani mwenye mkono mzuri.

Kichwa kina kwao. Kwa Tanzania kwao ni Mbulu, katika mkoa wa Manyara, ambako thomu ya Bashay ina jina kubwa sokoni. Ni Lushoto katika milima ya Usambara. Ni nyanda za juu za Mbeya na Iringa. Kenya hulimwa katika miinuko ya Meru na Nyeri. Na ndugu zetu walioko Oman wataniambia, kabla sijamaliza kusema, habari za thomu ya Jebel Akhdar, inayopandwa katika matuta ya mawe yaliyojengwa na wazee wao kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari, na ambayo Waomani huithamini kuliko iliyoletwa na meli. Mtu makini atauliza: ikiwa mchana wa Mbulu hauuzidi wa Dar es Salaam, mbona Mbulu kichwa hupatikana? Hupatikana kwa sababu thomu iliyokwisha kuonja baridi ya kutosha hupunguza madai yake ya mchana mrefu, na usiku wa Mbulu una baridi. Fauka ya hayo, mbegu zinazopandwa huko zimekwisha kuizoea nchi. Sisi wa bondeni tumepewa joto, na joto lina mazao yake.

Jani, kinyume cha kichwa, halidai safari hiyo yote. Chukua punje moja uipasue kwa urefu kwa kisu chenye makali, utaona ndani ya nyama nyeupe kijiti kidogo cha kijani au cha manjano, kile ambacho baadhi ya wapishi hukitoa wakidai kuwa kinatia uchungu. Hicho ndicho mmea wenyewe. Nyama inayokizunguka si tunda wala si mzizi. Ni jani lililonenepa na kugeuzwa ghala, na chini yake, penye kitako kigumu cha rangi ya hudhurungi, ndipo mizizi itokapo. Punje basi ni msafiri aliyefunga masurufu yake kabla ya kuaga nyumbani: chakula cha siku za mwanzo amekichukua mwenyewe, naye hakuombi ila maji na nuru kidogo. Ndiyo sababu thomu huota katika kisahani kisicho na chembe ya udongo, na ndiyo sababu huota hata ndani ya kikapu cha jikoni, gizani, usipotaka iote. Mchicha hauwezi hayo. Mbegu yake ni ndogo mno, haina akiba, na lazima ianze kujitafutia riziki kwa jua tangu siku inapochomoza, na jua la ndani ya chumba, hata likituangaza sisi tukasoma gazeti, kwa mche ni kiza cha magharibi. Kwa hiyo hurefuka, hupauka, huinama ukafa. Nyanya ndiyo usiitaje kabisa.

Kazi iliyopo ni kuchagua punje. Chagua kichwa kizito, kigumu, kisichokuwa na doa jeusi wala vumbi la kuvu katika mikunjo ya maganda, uzitenge punje za nje ambazo ndizo nene, na maganda yaliyolegea uyapukutishe, lile la mwisho linaloshika nyama uliache. Thomu nyeupe pepe iliyofungwa katika wavu, iliyovuka bahari kutoka China, nchi ambayo peke yake hutoa zaidi ya theluthi mbili za thomu yote ya ulimwengu, huenda ikakaa kisahanini siku nyingi bila ya jibu, maana wako wafanyabiashara wanaoizuia kuchipua kwa miali au kwa dawa ili ivumilie safari na ghala. Hata isiyofanyiwa hivyo yamkini imelala tu; thomu ikishavunwa hulala miezi kadhaa, na usingizi wake hukatizwa na ubaridi. Hapa jokofu, ambalo watunzaji wa chakula hutuonya tusiweke thomu ndani yake kwa kuwa huiamsha, hugeuka kuwa msaidizi: funga punje katika karatasi, ziweke rafu ya chini wiki mbili tatu, kisha zitoe katika joto la chumba, nazo huamka pamoja. Walakini bora kuliko zote ni zile zilizokwisha kutoa ncha ya kijani kikapuni, ambazo mama wa nyumbani huzitazama kwa kinyongo akijiandaa kuzitupa. Asizitupe. Zimekwisha kumpunguzia nusu ya kungoja.

Kuhusu chombo, desturi ni mbili. Katika nyumba za kaskazini ya China, wakati wa baridi kali ambapo bustani zimeganda, watu huzipanga punje katika sahani ya maji karibu na dirisha, zimesimama zimebanana, kitako chini na ncha juu, na haupiti muda sahani nzima ikafunikwa kwa majani mabichi yanayokatwa kwa mkasi na kutiwa katika chakula cha sikukuu ya mwaka mpya. Ni desturi nzuri kwa macho na nyepesi kwa mikono, nayo ina kanuni moja isiyovunjwa: maji yaguse kitako tu. Yakipanda hadi kiunoni mwa punje, nyama huoza, harufu yake ikaenea chumbani, na hapo hata mpangaji mwenzio mvumilivu atabisha hodi. Kwetu sisi kanuni hiyo ina ndugu yake, ambayo Mchina wa kaskazini katika baridi yake hana haja nayo. Maji yaliyotulia katika kisahani ni kitanda cha mbu, na tena ni mbu yule wa mchana, mwenye madoa meupe, anayependa vyombo vidogo vya ndani na kando ya nyumba, aliyetuletea homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Maji yabadilishwe kila asubuhi, na kisahani kisuguliwe. Asiyejiamini kufanya hivyo kila siku asifuate njia hii hata kidogo.

Mimi nashauri ile ya pili, ya udongo. Kopo la maziwa, au kibati cha samli, au bakuli la plastiki lililopasuka, maadamu limetobolewa chini na kuwekewa kifuniko cha kudakia matone, litafaa. Udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mboji au samadi kongwe iliyokwisha kupoa na mchanga wa mto. Nasema wa mto kwa makusudi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na thomu haiipendi chumvi. Punje zizamishwe hadi ncha ikaribie kufunikwa, zikaribiane kadiri upendavyo, maana hazitakaa muda wa kugombana, na maji yatiwe kila kidole kinapouona udongo umekauka juu. Katika udongo majani huwa manene kuliko ya kisahani, na mmea hudumu, kwa sababu masurufu yanapokwisha mizizi hupata kitu cha kushika.

Dirisha gani? La mashariki, ukiwa na hiari. Wenye nyumba za pwani wanajua kuwa jua letu halikai upande mmoja. Wakati wa kaskazi hupitia kusini ya utosi, na wakati wa kusi hurudi kaskazini, hivyo dirisha la kusini au la kaskazini hupata jua miezi fulani na kulikosa miezi mingine, ilhali la mashariki hupata lake kila asubuhi mwaka mzima, jua la upole, kabla adhuhuri haijachoma nondo. La magharibi hufaa pia, ila chombo kisiguse chuma wala kioo saa za alasiri. Wavu wa mbu hupunguza nuru, lakini simwambii mtu auondoe kwa ajili ya majani. Utaona kwamba majani yote yameinamia nje. Charles Darwin na mwanawe Francis walilishughulikia jambo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1880 kuhusu mwendo wa mimea. Waliifunika ncha ya mche mchanga wa nyasi kwa kikofia kisichopitisha nuru, wakaona mche hauinami tena, wakajua kuwa ncha ndiyo inayoiona nuru na sehemu ya chini ndiyo inayotii. Wewe huna haja ya vikofia. Zungusha kopo robo mzunguko kila unapotia maji, basi.

Wasikilizaji wetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini watanilalamikia kwamba dirisha la London mwezi wa Desemba, siku isiyofikisha saa nane za mchana, si dirisha bali ni picha ya mawingu. Ni kweli, na kwa sababu hiyo thomu inawafaa kuliko inavyotufaa sisi. Punje itatumia akiba yake na majani yatatoka, membamba kidogo, meupe kidogo, lakini yatatoka, wakati ambapo kotmiri iliyopandwa jirani yake itakuwa imekata tamaa. Wasikiweke chombo juu ya kile chuma cha kupashia nyumba moto. Na aliye katika chumba kisicho na nuru ya maana, popote alipo, ayajue haya: Wachina huotesha thomu gizani kwa makusudi, wakaifunika isione jua, nayo hutoa majani ya manjano, laini, yasiyo na ukali, ambayo huuzwa kwa bei nzuri kuliko ya kijani na kukaangwa na mayai. Ndoo iliyofudikizwa juu ya kopo hufanya kazi hiyo barabara.

Majani yakifika urefu wa shubiri, yaani sentimeta 15 hadi 20, hukatwa, na kukata nako kuna adabu. Jani la thomu, ambalo ni bapa wala si la bomba mfano wa la kitunguu maji, hukua kutoka chini na si kutoka nchani. Mwenye shaka na atie nukta ya wino karibu na shina, baada ya siku chache ataiona nukta imepanda. Maadamu kiwanda kiko chini, ukikata na kuacha urefu wa vidole viwili juu ya punje, jani litaendelea kusukumwa juu na utapata mkato wa pili. Mkato huo huwa haba kuliko wa kwanza, na wa tatu katika kisahani hauna faida, kwa kuwa ghala limekwisha. Punje iliyobaki ni laini, imenywea, na isirudishwe katika kinu. Kwa hiyo mwenye kutaka majani kila wiki hapandi mara moja akatulia. Siku anapokata chombo cha kwanza ndipo apange punje za chombo kinachofuata.

Tumefika jikoni, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa watu huyapika majani haya kwa namna ya kuyadhulumu. Ukali wa thomu haumo ndani ya punje nzima wala ndani ya jani zima. Hutengenezwa saa ile ile kisu kinapopita. Mwaka 1944 wanakemia wa Marekani, Cavallito na Bailey, waliitoa dutu yenye harufu na nguvu ile, iitwayo alisini. Na miaka michache baadaye Stoll na Seebeck, huko Basel Uswisi, wakaonyesha asili yake, dutu nyingine isiyo na harufu ambayo katika chembe za mmea hukaa mbali na kimeng'enya chake. Kisu au mchi huvunja kuta, viwili hivyo vikakutana, na alisini ikazaliwa. Moto hukiua kimeng'enya. Mtu akitia jani katika mafuta yanayochemka mwanzo wa mapishi, pamoja na vitunguu maji, atakuwa amepika nyasi. Punje ina nguvu ya kustahimili ukatili huo ikabaki na ladha nyingine, ya utamu na ya kukaanga, jani halina. Jani hukatwa dakika ya mwisho, likaachwa kidogo baada ya kukatwa, kisha likanyunyizwa juu ya mchuzi wa nazi ulioepuliwa, juu ya samaki wa kupaka aliyetoka motoni, juu ya maharage, juu ya mayai, mahali pale pale ambapo mkono wetu umezoea kutupa kotmiri. Likisagwa na nazi mbichi, pilipili ya kijani, ndimu na chumvi, hutoka chatne ambayo simwoni wa kuikataa mbele ya bajia. Majirani zetu wenye asili ya Gujarat hawahitaji somo hili. Kwao thomu ya kijani ni neema ya majira ya baridi, na chakula mashuhuri cha Surat kiitwacho undhiyu hakikamiliki bila ya hiyo.

Harufu haifichiki, na haifai kuizungumzia thomu kwa Waislamu pasipo kutaja adabu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoletewa na mwenyeji wake Abu Ayyub wa Madina chakula chenye thomu hakukila, na alipoulizwa kama ni haramu alisema si haramu, ila yeye huichukia harufu. Na aliyekula thomu mbichi aliambiwa auepuke msikiti. Sayyidna Umar naye alishauri kwamba anayeitaka na aiue kwanza kwa kupika. Ukitazama habari za kimeng'enya nilizozieleza, utaona kuwa shauri hilo liliigusa sababu yenyewe karne nyingi kabla ya Basel. Majani ya dirishani basi, kwa kuwa huliwa mabichi au nusu mabichi, ni chakula cha usiku baada ya isha, au cha mtu asiye na miadi.

Je, yanaokoa pesa? Hapa lazima nivunje matumaini ya watu fulani. Thomu tangu zamani ni chakula cha wenye kufanya kazi kwa mikono: Herodoto, mwanahistoria wa Kiyunani, aliambiwa na mkalimani wake kwamba maandishi ya piramidi kubwa yalitaja talanta 1,600 za fedha zilizotumika kwa figili, vitunguu na thomu za wajenzi, hesabu ambayo mimi naipokea kwa hadhari kwa kuwa wakalimani wa watalii ni wale wale siku zote; Bani Israil, kwa mujibu wa Taurati, waliikumbuka wakiwa jangwani; na hata katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, zilikutwa thomu. Lakini chakula kuwa cha wanyonge si hoja kwamba kukipanda dirishani ni uchumi. Punje uliyoipanda ungeweza kuila, na majani utakayopata hayazidi thamani yake kwa kiasi cha kumbadilisha mtu hali. Faida iko mahali pengine: ni mboga nyingine kabisa, isiyouzwa gengeni kwetu, na inayokatwa dakika ile ile inapohitajika, bichi, na mtu ambaye jana alidhani hawezi kuotesha chochote.

Nina onyo moja zito kuliko habari za mbu. Aliyepata majani mengi, au punje nyingi zilizomenywa, asishawishike kuzitumbukiza katika chupa ya mafuta na kuiweka kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na katika hali hiyo bakteria wa udongo aitwaye Clostridium botulinum hutengeneza sumu isiyobadilisha rangi, harufu wala ladha. Mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1985, watu 36 walipatwa na ugonjwa wa sumu hiyo kwa kula thomu iliyokatwakatwa na kuhifadhiwa katika mafuta ya soya. Mafuta ya thomu yatengenezwe ya siku hiyo na kuliwa siku hiyo. Ama majani yaliyozidi, yafungwe katika kitambaa chenye unyevu ndani ya jokofu, au bora zaidi, yaachwe yasikatwe.

Na juu ya dawa nitasema machache, kwa kuwa wasemaji wa jambo hilo ni wengi kuliko wanaohitajika. Matabibu wa kale waliipa thomu tabia ya moto na yabisi na wakaiagiza kwa maradhi mengi. Leo hakuna haja ya kuwadharau, wala hakuna haja ya kumwambia mgonjwa wa shinikizo la damu kuwa kopo la dirishani litachukua nafasi ya vidonge vyake. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au anayengoja kupasuliwa, amweleze daktari ikiwa hula thomu kwa wingi. Na punje mbichi isifungwe juu ya ngozi ya mtoto kwa nia yoyote, maana huunguza.

Yaliyobaki ni ombi. Dirisha haliwezi kujizalia mbegu. Mmea huu kwa kawaida hautoi mbegu yenye kuota, huzalishwa kwa punje tu, na punje hutoka katika kichwa, na kichwa, kama nilivyosema, kinatoka mlimani kwa watu wanaokipanda na kukipalilia kwa mikono. Mwendapo sokoni kesho, muulizeni mwenye genge thomu yake imetoka wapi kabla ya kumlipa. Na akijibu Mbulu au Lushoto, chukueni kichwa kimoja zaidi ya mahitaji ya chungu.